Dakika Tatu za Baba ya Bibi Harusi

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimesema hivyo mbele ya maaskofu na mbele ya wabunge, na hakuna aliyesimama kunipinga. Mimi niliacha shule darasa la tano. Nikawa tanboi wa lori, yule anayelala juu ya mzigo na kuruka chini kuweka jiwe kwa gurudumu gari likishindwa na mlima. Leo kuna lori tatu zinazozunguka Eldoret zikibeba saruji na mabati, na mlangoni mwa kila moja kuna jina langu kwa rangi nyekundu. Wenye digrii huja dukani kwangu na bahasha za makaratasi kuniomba kazi ya kuandika risiti. Nimeona benki ikimfuata mtu hadi jikoni. Nimemzika mtu kwa hotuba nzuri, watoto wake wakashikana mashati kabla udongo haujakauka. Mtu aliyeona hayo utamshangaza na nini tena?

Lakini kama unafikiri jina langu limejengwa na saruji, hunijui. Limejengwa na mdomo.

Kwetu, sisi ambao baba zetu walitoka upande wa Murang'a na Nyeri wakaja kununua ekari mbili tatu hapa Yamumbi, mahari haiongelewi na baba ya msichana. Baba anakaa kwa kiti kizuri, amevaa koti, na kazi yake ni kunyamaza. Anayeongea ni msemaji wake. Msemaji ndiye anauliza wageni kama wamepotea njia, ndiye anataja mbuzi na fahali ambao kila mtu anajua ni noti, ndiye anakataa, anacheka, anakasirika kidogo, halafu anakubali. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nimeongelea mabinti wa walimu wakuu. Nimeongelea binti ya daktari, na daktari mwenyewe amekaa kando yangu akitikisa kichwa kama mwanafunzi. Siku moja nilifanya ukoo mzima wa watu wa kutoka ziwani waongeze fahali wawili, na waliongeza huku wakinipigia makofi.

Basi fikiria uchungu wa mtu kama huyo zamu ya binti yake mwenyewe inapofika. Nilivaa koti nikakaa. Msemaji wangu alikuwa mtu niliyemfundisha mimi, fundi wa matanki ya maji, mwenye sauti kama ya redio iliyoisha betri. Wageni walitoka Kaptagat, wakulima wa viazi, watu wapole wanaotazama chini wakifikiri. Msemaji wangu alimaliza kila kitu kabla chai haijapoa. Hata kutaja kwamba msichana amesomea kompyuta alisahau. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu, akaendelea.

Nikajiambia, sawa, kuna harusi. Harusini baba ana neno lake, na neno hilo hapewi mtu mwingine.

Na neno nilikuwa nalo. Ngoja nilieleze, ndio ujue ni nini kilichokatwa.

Binti yangu alipokuwa darasa la pili, mimi tayari nilikuwa dereva, na asubuhi nilimbeba kwa lori kumpeleka shule kabla sijaenda kupakia. Kuendesha nilijua kuliko wote. Kusoma nilikuwa nasoma herufi moja moja, kama mtu anayetafuta mawe kwa mchele, na karatasi za mzigo nilikuwa nazitia sahihi kwa kuamini uso wa mtu. Mtoto alikuwa ananisomea mabango ya barabarani kwa sauti. Duka la dawa. Hakuna kuegesha. Mbolea na mbegu. Mwanzoni alikuwa anajionyesha tu. Halafu akagundua kwamba sisemi kitu mpaka yeye aseme kwanza. Hakunicheka. Alianza kuweka kiganja chake kwenye kioo cha mbele, anafunika nusu ya bango, na kuniambia, "Anza wewe, Baba, mimi nitamalizia." Ndani ya ile lori, mwaka ule, ndipo nilijua kusoma. Leo kanisani mimi ndiye mzee anayesimama kusoma Biblia bila kukwama, na hakuna hata mmoja kwenye viti anayejua ni mtoto wa sare ya shule aliyenifundisha. Mke wangu hajui. Nilitaka kulisema hilo siku ya harusi, mbele ya watu wote, mwisho kabisa wa hotuba, baada ya salamu, baada ya shukrani, baada ya kuwachekesha. Kitu kikubwa kinawekwa mwisho. Ukikitoa mwanzoni kinakanyagwa na watu ambao bado wanatafuta viti.

Sasa, habari ya simu. Watoto wanapenda kusema sisi wazee hatujui simu. Mimi nilikuwa na simu wakati majirani walikuwa wanapanga foleni kwa kibanda na sarafu mkononi. Ila kusoma na kuandika ni vitu viwili, na kuandika kulibaki nyuma. Binti yangu alipopata kazi Nairobi, kwenye ofisi ya kioo yenye kompyuta kila mahali, nilikuwa namwandikia ujumbe, naye ananijibu kwa kunirekebisha herufi. Mara mbili, mara tatu, nikaacha. Halafu nikagundua ile sehemu ya kurekodi. Unabonyeza, unaongea, inaenda. Sauti haina spelingi.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada, nilikuwa naingia kwa lori iliyoegeshwa nje ya duka, nafunga vioo, nazungumza na mtoto wangu. Nilimwambia mvua imefika wapi, nani amefiwa, nani amenunua gari la kujionyesha na hawezi kulitia mafuta. Nilimwambia namna ya kuishi na watu wa ofisini. Hotuba ambazo wengine hunitumia nauli niende kuwapa, yeye alizipata bure, akiwa kitandani. Naye alikuwa ananijibu kwa picha ndogo. Moyo. Mikono inayoomba. Mkono wenye kidole gumba juu. Niliona ni adabu ya siku hizi, mtu hataki kumjibu baba yake kwa maneno mengi. Nikafurahi hata.

Wiki chache kabla ya harusi akanitumia programu. Niliisoma nikiwa kaunta, mteja akisubiri misumari. Kukata keki, dakika ishirini. Ile ndege ndogo ya kupiga picha, inayonguruma juu ya hema kama mzinga wa nyuki, dakika kumi. Neno kutoka kwa baba ya bibi harusi, dakika tatu.

Dakika tatu mimi huzitumia kusafisha koo.

Jumapili ile niliingia kwa lori nikarekodi kitu kirefu kuliko vyote, dakika kumi na tisa. Sikuanza na kuomba. Mtu mzima haombi mlangoni. Nilimsalimia, nikamsalimia kijana wake, nikaongea juu ya kazi ya msemaji na jinsi nilivyonyamaza siku ya mahari yake. Halafu nikaingia kwa ile safari ya asubuhi, na mabango, na kiganja chake kwenye kioo. Sikuwa nimewahi kuyasema kwa mdomo. Ikabidi niegemee usukani kidogo kabla ya kuendelea. Mwisho nikamwambia, nipe nusu saa, Mama, niseme mbele ya watu hiki nilichokuambia peke yako. Namwita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu.

Jibu likaja kabla sijashuka kwa lori. Kidole gumba.

Mimi ni mtu wa malori. Ukirudisha gari nyuma, tanboi akikuonyesha gumba, unaachilia breki. Hakuna maana nyingine.

Harusi ikafika. Kanisa la Kapsoya lilijaa, na kule bustanini kwa sherehe hema tatu zilijaa, pamoja na wale wa kusimama. Watu wangu wote walikuwepo, wenye maduka, mafundi, wazee niliowaongelea mabinti. MC alikuwa kijana wa suruali ya kubana, mwenye miwani ya jua ndani ya hema. Akaniita, nikashika maikrofoni, nikaanza na salamu. Nilisalimia Kaptagat, nikasalimia Yamumbi, nikasalimia wapishi. Nilikuwa ndio naingia kwa shukrani aliposikika yule kijana kwa maikrofoni yake ya pili.

"Mzee wetu, anza kutafuta pa kushukia!"

Watu wakacheka. Mimi sitishwi na hayo, nimewahi kuzomewa na wanasiasa. "Kijana," nikamwambia, "mimi hata gari sijawasha."

"Ukiwasha itachemka, Mzee! Tuna programu!"

"Programu iliandikwa na nani? Huyu bibi harusi alikuja duniani bila programu, na unaona alivyotoka."

Hapo hema lote lilipasuka kwa makofi. Wapishi walitoka kwa sufuria wakasimama kunisikiliza na miko mkononi. Nilikuwa nimewashika, na mtu anayejua kazi hii anajua ile hali, unahisi watu wako kwa kiganja chako. Nikamgeukia binti yangu ndio nianze ile safari ya lori. Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama MC, na kidole chake kilikuwa juu, kinazunguka, kinazunguka. Malizia.

Muziki ukapanda. Maikrofoni yangu ikafa mkononi. Akina mama wa kanisa letu wakainuka kucheza, na mbele yao mke wangu, na leso kiunoni, anakuja akicheza mpaka akanishika kiwiko.

"Shuka, baba watoto. Umeongea vizuri."

"Sijaongea."

"Umeongea. Shuka, watu wanaangalia."

Nilishuka. Sikurudi kwa kiti changu. Nilipita nyuma ya hema, nikapita mahali magari yameegeshwa, mpaka kwa barabara, na suti yangu ya rangi ya majivu iliyoshonwa na fundi bora wa mji huu. Mwendesha boda boda akaliangalia ua la harusi kwenye koti langu.

"Mzee, kwani harusi imeisha?"

"Yangu imeisha. Twende Yamumbi."

Nyumbani nilikaa sebuleni nikafungua simu. Nikaenda mahali pa mazungumzo yangu na binti yangu, zile Jumapili zote, nikafuta. Simu iliniuliza kama nina hakika. Angalau yenyewe iliuliza.

Mke wangu alirudi jioni na viatu mkononi.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimekuja nyumbani kwangu."

"Walipokata keki, mama ya bwana harusi aliletewa kipande akulishe. Alisimama mbele ya kiti chako. Kiti kitupu. Amesimama na keki mkononi kama mtu anayeomba msaada, na ile ndege iko juu yake inapiga picha."

"Wangemlisha MC."

"Wewe endelea kucheka," akasema. "Wale hawakucheka."

Na ni kweli. Mkwe akikunyooshea chakula mbele ya watu usikipokee, kwao na kwetu ni kusema humjui. Sikujua keki ingeletwa saa ile. Lakini nani angeamini kwamba mtu kama mimi, aliyesimamia mambo haya maisha yake yote, hakujua?

Binti yangu alikuja walipotoka kwa fungate. Alikuja peke yake. Mama yake akatuletea chai, halafu akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajafungiwa.

"Baba, ulitoka kwa harusi yangu."

"Na wewe ulinizungushia kidole kama mtu anayeita weita."

"Ulikuwa umepitisha muda wako mara nne. Wapishi waliacha wali ukaungua."

"Ulinikubalia nusu saa."

"Mimi? Lini?"

"Kwa ile rekodi ya mwisho. Uliweka kidole gumba."

Akaanza kutafuta kwa simu yake, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi, kama akiwa mdogo na amevunja kikombe.

"Baba, voisi zako ni ndefu. Mimi nakuwa kazini, ama kwa mkutano. Kuna kitu nimeweka kwa simu, inasikiza halafu inaniandikia kwa ufupi."

"Nani anasikiza?"

"Hiyo mashine."

"Inanisikiza mimi?"

"Inasikiza kila mtu, Baba. Hata bosi wangu."

Akanipa simu. Chini ya rekodi yangu ya dakika kumi na tisa kulikuwa na mistari mitatu. Baba anakusalimia wewe na mchumba wako. Anakumbuka safari za lori mlipokuwa mkienda shule. Angependa programu iangaliwe upya. Niliisoma yote mwenyewe, polepole, bila kusaidiwa. Hakukuwa na uongo hata mmoja. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Mtu akikusingizia unaweza kubishana naye.

"Na zile za zamani?" nikamuuliza. "Kabla ya mashine?"

"Hizo nilikuwa nasikiza."

"Zote?"

"Nilikuwa naweka mbio kidogo."

"Mbio namna gani?"

Hakutaka, lakini nilimkazia macho. Akafungua moja ya mwaka juzi, akabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba, inakimbia, inapanda na kushuka bila kupumua, kama kuku aliyeona nyoka. Nilichukua muda kuelewa kwamba kuku ni mimi. Na kulikuwa na mahali katikati ambapo mimi hunyamaza kusudi, maana mtu anayejua kuongea anajua pa kunyamaza. Hapo mashine ilipita tu, kama gari lisiloona tuta.

"Hii nyingine nitaisikiza leo, Baba. Yote. Polepole."

"Usijisumbue," nikamwambia. "Imeshaandikwa kwa ufupi."

Akanywa chai yake akaenda. Ningeweza kumwambia pale pale, tukiwa wawili, mambo ya bango na kiganja. Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimeyasema. Nimeongea kwa ajili ya watu wengi katika mji huu na hakuna hata siku moja nimesimama mbele ya mtu nikamwomba anisikilize. Sikuona ni kwa nini nianzie kwa mtoto wangu.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao juu ya mambo ya ile keki. Mimi sikuitwa, nilipelekewa uamuzi. Kaptagat walitaka kondoo dume na blanketi za wakwe, na nifike mwenyewe nipokee chakula kwa mkono wa yule mama. Hayo niliyategemea, hata mimi ningetoza hivyo. Lakini kulikuwa na sharti lingine. Siku hiyo nisifungue mdomo, niongelewe na msemaji, kwa sababu ni mdomo ulioleta matata. Hilo halikutoka Kaptagat. Lilitoka kwetu, kwa wazee wa Yamumbi, wale niliowaongelea mabinti. Na msemaji wakanichagulia wao, yule fundi wa matanki.

Tulienda. Baridi ya kule inaingia kwa koti. Boma safi, ng'ombe wamenenepa, na picha za harusi tayari ziko ukutani, ikiwemo moja iliyopigwa kutoka juu, ambayo sikuiangalia mara mbili. Nilikaa. Msemaji akasimama akaongea. Alisema mkwe wao aliugua ghafla. Alisema mkwe wao ana presha. Alisema mkwe wao ni mtu wa moyo laini ila mdomo wake hutangulia, na hapo watu wa pande zote wakatikisa vichwa. Mimi sijawahi kuwa na presha. Nilikaa hivyo hivyo. Yule mama alipoleta chakula niliinama nikapokea kwa mikono miwili, naye akanitazama kwa huruma ambayo ni afadhali angenitukana.

Binti yangu ndiye alikuwa anazungusha chai, amejifunga leso ya kwao. Alipofika kwangu akainama, akaongea chini chini.

"Baba, ile ya lori sijasikiza. Nilinunuliwa simu mpya, na zile voisi za zamani hazikuingia kwa hii. Nitumie tena. Ama niambie tu, ulikuwa umesema nini?"

Nilimtazama. Birika lilikuwa linatoa mvuke kati yetu. Ya kumtumia sikuwa nayo, nilikuwa nimefuta. Ya kumwambia nilikuwa nayo yote, iko pale pale kwa ulimi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa tayari kuisema bila salamu na bila shukrani. Nikafungua mdomo.

Fundi wa matanki akaniwekea mkono kwa goti.

"Baba yako leo haongei," akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote. "Ukiwa na swali, mama, niletee mimi."

Nyumba nzima ikacheka. Hata wale wapole wa kutazama chini walicheka, na binti yangu akacheka pia, akasogea kwa kikombe kilichofuata.

Hajauliza tena. Nami sirekodi tena. Jumapili naketi kwa lori kwa mazoea tu, vioo vimefungwa, halafu nashuka. Kondoo dume asiye na doa, blanketi mbili, kreti za soda na mikate, gari la kukodi kwa sababu mtu haendi kuomba msamaha na lori, na asante ya yule msemaji, aliyeongea karibu saa nzima bila mtu hata mmoja kutazama saa: jumla nililipa shilingi elfu thelathini na saba, mia nne na hamsini.